Haina Chumvi

Bidami hasemi neno tamu. Mpe sukari guru iliyotoka kuchemshwa leo, mpe chai ya harusini ambayo kijiko kinasimama wima ndani yake, atakunywa, atalamba midomo, kisha atakwambia haina chumvi. Hapo ndipo sifa zake zinapoishia. Ukisikia amesema haina chumvi mara mbili, jua umempikia ukampatia.

Watoto wa Khejrasar wamekua na mchezo huo. Wanamletea kipande cha tikiti, nyuso wamezikaza, wanamuuliza, Shangazi, hili likoje? Anasema si chungu. Si chungu, sawa, lakini likoje? Halina chumvi, tokeni hapa, mama zenu hawana kazi za kuwapa? Nao wanakimbia huku wanaangushana kwa kicheko. Shangazi wa kijiji kizima ni yeye, maana alizaliwa hapo na mvi zimemkuta papo hapo.

Sababu si siri. Kwa lugha ya kwetu tamu ni mitho, na Mitho ndilo jina la mume wa Bidami. Mke halitamki jina la mumewe, hilo hata mtoto analijua, na mwenye adabu zake halitamki hata neno linalofanana nalo. Yupo mwanamke hapa hapa kijijini, mumewe anaitwa Suraj, yaani jua, na jua kwake ni yule wa mchana. Huyo hakuna anayemcheka. Bidami wanamcheka kwa kuwa mume anayemtunzia jina hajawahi kukaa naye chini ya paa moja, wala hajui sura yake. Nami nilikuwa nikicheka pia, mpaka siku moja nikakaa nikalifikiri jambo lenyewe, nikaacha.

Waliozwa wangali watoto. Bidami alizungushwa moto wa arusi amelala begani kwa mjomba wake, na anachokikumbuka ni kiatu chake kimoja kudondoka na mtu kumrudishia, basi. Bibi arusi wa umri huo hubaki kwao mpaka akue, ndipo mume huja na ndugu zake kumchukua. Siku yake ilipofika, ilikuwa msimu wa mvua. Mama yake alioka mikate ya ngano, akaiponda, akaikanda kwa samli na sukari guru mpaka ikawa churma, sufuria nzima ya kuwatosha wakwe. Bidami akapakwa hina, akavishwa bangili za mke wa mtu mpaka kiwikoni, akakaa chumba cha ndani akisikiliza kila ngamia anayepita.

Hawakuja. Watu wakasema mvua imeharibu njia. Kesho yake wakasema labda wamekosea tarehe. Keshokutwa churma ikaanza kunuka, na mbwa wa Khejrasar wakala vizuri sana siku hiyo. Miezi ikapita, ndipo muuza ngamia mmoja akaleta habari: mumewe, kijana wa Lunwas, ameshapewa mke mwingine, mama yake anasema yule wa Khejrasar ana mguu mbaya. Yaani ana mkosi. Hakukuwa na maelezo mengine. Bidami aliitazama miguu yake siku ile mpaka jua likazama, akaona ni miguu kama ya watu wengine.

Sisi Wajati hatuna ugumu na mambo hayo. Mwanamke aliyetelekezwa huchukuliwa na mwanamume mwingine, watu wakala, yakaisha. Na walikuja watu kumtaka Bidami, mmoja wao ana kisima chake mwenyewe. Aliyekataa ni baba yake, kwa sababu baba yake alikuwa farasi wa Teja.

Teja ni mungu wetu sisi wakulima, na kabla ya kuwa mungu alikuwa mkulima mwenyewe, analima, anatoka jasho. Siku moja chakula kilichelewa kufika shambani, akanung'unika, na shemeji yake akamtupia neno: ukitaka chakula kwa wakati kamlete mkeo, anazeekea kwao. Naye alikuwa ameozwa mtoto. Akapanda farasi siku hiyohiyo. Njiani akamtoa nyoka kwenye moto, na nyoka badala ya kushukuru akafura, maana mwenzake alikuwa ameshaungua na yeye hakutaka kubaki peke yake duniani. Akasema lazima nikuume. Teja akamwambia ningoje, namfuata mke wangu, nikirudi utaniuma. Huko ukweni wezi wakaswaga ng'ombe wa mwanamke mmoja, Teja akawafuata peke yake, akawarudisha ng'ombe, akatoka hana mahali ambapo upanga haukupita. Akaenda kwa nyoka hivyohivyo. Nyoka akamtazama, akasema nitakuuma wapi, huna pazima. Teja akatoa ulimi. Akamwambia, hapa pazima.

Ndiyo maana mtu wetu akiumwa na nyoka hufungwa uzi kwa jina la Teja, siku hizi huku gari la hospitali linawashwa. Akipona, uzi haukatwi. Lazima aende siku ya Teja, kwenye kibaraza cha Teja yuleyule aliyetajwa wakati wa kufunga, akafunguliwe na mtu wa nyumba yenye kibaraza hicho. Asipofunguliwa, hata akiishi miaka mingapi, pumzi yake si yake, ni ya mkopo, na siku ya kufa roho haipati njia ya kutokea. Kwa Khejrasar nyumba hiyo ni ya kina Bidami. Zamani Teja alikuwa akishuka na kumpanda mwanamume wa nyumba hiyo, ndiyo maana ya farasi. Alimpanda baba, akampanda kaka. Kaka akafa. Goma, mtoto wa kaka, yeye ni dereva wa lori, na siku ya Teja mara nyingi inamkuta Gujarat. Basi Teja hapandi mtu tena, na kufungua nyuzi kumebaki kwa Bidami. Farasi wamekwisha, husema mwenyewe, avumilie punda.

Baba mtu alipowakataa wale wachumba alisema maneno machache. Alisema Teja alirudi kwa nyoka kwa sababu alikuwa ameahidi, na nyumba ya farasi wake haitavunja neno lililosemwa mbele ya moto. Ahadi ni deni. Bidami angengoja kama mke wa Teja alivyongoja. Hivyo ndivyo alivyofungwa, na yeye hakuumwa na chochote.

Siku ya Teja mwaka jana, asubuhi, kabla ngoma hazijafika, Bidami alikuwa peke yake kibarazani akikandika samadi ya ng'ombe na udongo. Jiwe la Teja lipo hapo chini ya mwarobaini: mtu juu ya farasi, upanga mkononi, ulimi nje, nyoka kaung'ang'ania. Bidami alikuwa akimsema, kama anavyomsema kila asubuhi anapomsafisha. Alimwambia kwa nyoka ulikwenda mbio, damu inakutiririka, sisi wengine tulikosa nini? Teja hakujibu. Hajawahi kumjibu, na mwenye ulimi ulioumwa ana udhuru wake.

Pikapu ikasimama barabarani. Akashuka mwanamke wa makamo, kisha akamsaidia mzee mrefu aliyekonda, kilemba cheupe, anapumua kwa shida. Mguuni mzee alikuwa na uzi. Si uzi tena, ni kamba: mweusi, mnene, maana kila unapochakaa huzungushiwa mpya juu yake. Rukma, mke wa Goma, alikuwa anapita na ndoo ya maziwa kichwani. Hana breki mdomoni huyo mtoto. Akauona mguu ule akamnong'oneza Bidami, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Shangazi. Bidami akamwambia pita na maziwa yako.

Yule mwanamke aliitwa Sayar. Alisalimia vizuri, akauliza kama hapa ndipo kwa mfunguaji.

"Baba yangu ana uzi wa hapa, Mama," akasema. "Wa zamani, mimi sijazaliwa. Madaktari wamesema tumrudishe nyumbani, ndipo akasema kwanza nipelekwe Khejrasar. Ni Mithuram, mwana wa Ladu, wa Lunwas."

Bidami alikuwa amechuchumaa, mkono umejaa samadi. Kwa mkono huohuo akauvuta ushungi, akajifunika uso mpaka kidevuni, na samadi ikabaki kwenye kitambaa. Rukma aliliona hilo akiwa ameshapiga hatua mbili tatu, akageuka. Binti wa kijiji hajifuniki uso kijijini kwao, hana mkwe hapo wa kumwonea haya. Rukma akasimama na ndoo yake, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akaufunga bila kusema kitu. Akaondoka.

Sayar akaenda kutafuta chai kwenye vibanda. Wakabaki wawili hao na jiwe.

Mzee akaomba akae. Bidami akamwonyesha ukingo wa kibaraza palipokauka. Alikaa, akapumzika, akautazama mwarobaini kuanzia chini hadi juu.

"Umekua," akasema. "Mara ya mwisho niliuona kwa mbali. Nilikuwa njiani kuja kuchukua mke."

Bidami aliendelea kukandika mahali ambapo alikuwa ameshakandika.

Mzee akasimulia, polepole, anakatizwa na kikohozi, kwa mwanamke aliyefunikwa uso ambaye kwake alikuwa mlinzi wa kibaraza tu. Walikuwa na ngamia wanne na ngoma moja. Walikuwa wamebakiza shamba moja kuingia kijijini. Yeye akashuka, kwa sababu upepo ulikuwa umemharibia kilemba, naye hakutaka kuingia ukweni na kilemba cha kuning'inia. Alitaka msichana akichungulia dirishani aone mtu nadhifu. Akasimama kwenye majani akikifunga upya, na yule mrefu asiye na miguu akampata kifundoni. Ndugu zake wakachana uzi kwenye kilemba hichohicho, wakamfungia kwa jina la Teja wa mwarobaini ule uliokuwa unaonekana. Kisha wakageuza ngamia. Nani anapeleka bwana arusi anayekufa? Alilala wiki nyingi hajitambui, na alipoamka alikuta mama yake ameshasema yule msichana ana mguu mbaya, na ameshamposea mwingine. Mama akamwapisha kwa kichwa chake kwamba akiwa hai yeye, mwana hatakanyaga Khejrasar. Na mama aliishi sana.

"Alipokufa nikasema mwakani," mzee akasema. "Mwaka ukija nasema mwakani. Nilikuwa naona haya, dada. Aibu nayo ukiilaza ndani inazaa."

Dada. Bidami alilisikia neno hilo likimwingia, akauma ushungi wake. Lakini lililomwumiza zaidi ni lile la mwanzo. Alikuwa njiani. Miaka yote hiyo yeye aliamini kwamba huko Lunwas siku ile hakuna aliyemtandika ngamia, kwamba watu walikaa barazani wakala, wakasema yule aachwe. Alijiona amesahauliwa kama ndoo kisimani. Kumbe alikuwa njiani, anafunga kilemba, ili yeye Bidami amwone nadhifu. Furaha ilimpanda na hasira ikampanda, zote pamoja, asijue aanze na ipi.

Mzee akauliza, bila kumtazama, yule binti wa farasi wa Teja aliolewa wapi.

"Hakuolewa popote."

Akauliza tena kama yupo hai.

"Yupo," Bidami akasema. "Ana magoti mabaya. Miguu haina neno."

Angeweza kusema hapo. Ulimi ulikuwa mdomoni na uso ulikuwa mbele yake. Lakini mtu anayekuja kuchukua mke pumzi zake zimebaki chache, atamchukua ampeleke wapi? Na yeye, Bidami, atasema nini, karibu, churma imeshaliwa na mbwa? Alikuwa na kiburi, na kiburi ndicho alichokuwa amebaki nacho. Sayar akarudi na chai. Bidami akachukua karai lake akaenda nyumbani.

Sasa niwaeleze mnisikilize, maana hapa ndipo penye shida. Mfunguaji, kabla hajagusa uzi, hutaja kwa sauti mbele ya watu: Teja, huyu ni fulani, mwana wa fulani, wa mahali fulani, ulimshika, mwachie. Na watu huitikia, mwachie. Jina lisipotajwa uzi haufunguki, hata ukifumuka vidoleni mwako. Anayefunguliwa mwenyewe haruhusiwi kusema, akisema neno atangoja mwaka mwingine. Na mke halitamki jina la mumewe. Bidami akilitaja jina lile mbele ya Khejrasar yote, atakuwa amesema kwa kinywa chake kwamba huyu si mume wangu na mimi si mke wa mtu. Bangili zile zitakuwa bangili za sokoni tu. Asipolitaja, mzee atakwenda kufa amefungwa. Mke wa mtu bila mume ndicho kitu pekee alichokuwa nacho maishani, mkikicheka msikicheke, na sasa alitakiwa akitoe bure kwa mtu aliyemwita dada.

Nyumbani alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamwambia Rukma yule mzee wa Lunwas aambiwe aje mwakani. Yeye kichwa kinamuuma.

"Mwakani?" Rukma akasema. "Shangazi, umesikia kifua chake kinavyolia? Yule hana mwakani."

Bidami akasema basi Goma apigiwe simu arudi. Rukma akamkumbusha kwamba Goma yuko bandarini na lori, hata akigeuza sasa hivi atafika kesho. Mimi ningefungua, akasema, lakini mimi nimeletwa, si damu yenu. Kisha akachuchumaa mbele yake, akaitazama ile alama ya samadi kwenye ushungi. Alichukua kitambaa kibichi akaanza kuisugua, na Bidami, ambaye hajawahi kuachia mtu amfulie nguo akiwa ameivaa, akamwachia.

"Na aende na kamba yake," Bidami akasema ghafla. "Mimi nimekaa na yangu mpaka leo, sikufa."

Rukma akasugua. Baadaye akasema, "Hukufa, Shangazi. Lakini tumekuona."

Ngoma zilipofika Bidami alikwenda, kwa sababu kulikuwa na wengine wa kufunguliwa nao hawakuwa na kosa. Wanaume walikuwa wanaimba wimbo wa Teja, mmoja anatupa mstari na wengine wanaudaka, miavuli yao ya rangi inazunguka juu. Maziwa yalimwagwa kwenye jiwe, nazi zikapasuliwa. Bidami akamfungua mama mmoja mchuma maharage. Akamfungua kijana aliyeumwa akiwa anatandika ng'ombe plau. Alitaja majina yao kwa sauti kavu, watu wakaitikia, mwachie.

Kisha Sayar akampandisha baba yake. Mzee akakaa kibarazani, akanyoosha mguu, na Bidami, uso umefunikwa, akauchukua mguu ule akauweka mapajani mwake. Hapo ndipo alipomgusa mumewe mara ya kwanza. Ulikuwa mguu mwepesi na wa baridi, ngozi imekauka kama mguu wa mzee yeyote.

"Teja," akasema. "Huyu ni..."

Ngoma zilinyamaza kumpisha. Alijaribu tena. Akasema huyu ni mwana wa Ladu, wa Lunwas, ulimshika. Hakuna aliyeitikia. Mtu mmoja nyuma akasema, kwa upole tu, Shangazi, Ladu alikuwa na wana wanne, Teja atajua yupi? Watu wakacheka kidogo. Mwingine akasema taja jina, Shangazi, jua linatuchoma. Yeye akafungua mdomo, ukabaki wazi, hakikutoka kitu. Bangili zake zilikuwa zinalia kwenye ule mguu.

Mtoto mmoja ndiye aliyeuliza, na hakuwa na ubaya. Akamuuliza mama yake, kwa sauti ya watoto wasioijua kunong'ona, huyu babu anaitwa nani. Sayar akasema anaitwa Mitho.

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja mmoja walielewa, kuanzia wanawake. Ile haina chumvi yao yote, tikiti lao, pipi zao, mchezo wao wa miaka yote, uliwarudia wote pamoja. Rukma alikuwa anatazama chini. Na mzee akauinamisha uso wake, akaziangalia zile bangili, akauangalia ule ushungi uliovutwa mpaka kidevuni, katika kijiji ambacho mwanamke huyu alizaliwa. Yeye pia alikuwa mtu wa kwetu. Hakuhitaji kuelezwa ni mwanamke gani duniani asiyeweza kulitaja jina lake.

Akasema, na hakutakiwa kusema: "Usilitaje."

Sayar akamshika bega, Baba, unaharibu. Mzee akautoa mkono wake.

"Usilitaje, Bidami. Acha nife nao. Mke wangu asinitaje jina mbele za watu."

Bidami alikuwa amengoja maneno hayo tangu hina haijakauka. Mke wangu. Yalisemwa kweupe, mbele ya Teja na kijiji kizima, na aliyeyasema alikuwa ameyalipia pumzi yake. Machozi yalimtoka Bidami chini ya ushungi na hakujaribu kuyazuia. Alikaa hivyo, mguu wa mumewe mapajani, kwa muda ambao ng'ombe angemaliza kunywa maji. Ndiyo ndoa yake yote hiyo, ninyi wenye ndoa ndefu mnihesabie.

Kisha akaufunua uso. Mzee mmoja alianza kusema kwamba aliyefungwa ameshazungumza, mila inasema mwakani. Bidami akamkata.

"Teja hajasikia kitu," akasema. "Ngoma zilikuwa zinapigwa."

Ngoma zilikuwa kimya kabisa, na hakuna aliyembishia.

Akamtazama mzee machoni, ampate vizuri, ile sura ambayo hakuiona dirishani. Kilemba kilikuwa kimelegea upande mmoja. Akakinyoosha. Akasema, kwa sauti ambayo waliokuwa kwenye vibanda waliisikia:

"Teja. Huyu ni Mitho. Mithuram, mwana wa Ladu, wa Lunwas. Alikuwa njiani. Ulimshika, mwachie."

Mwachie, wakaitikia, na wengi walikuwa wanalia. Kufungua kulichukua muda, maana ulikuwa uzi juu ya uzi, na mila haitaki kisu. Aliufungua kwa kucha, tabaka kwa tabaka, mpaka ukabaki uzi mmoja wa ndani kabisa, mwekundu uliofifia, wa kilemba cha arusi. Huo hakuuweka miguuni kwa Teja pamoja na nyuzi nyingine. Aliukunja akautia kifuani mwake.

Sayar alimwinamia Bidami akamgusa miguu, yote miwili, akakaa hapo kitambo. Pikapu ilipoondoka mzee alikuwa amegeuza kichwa nyuma, na Bidami alisimama chini ya mwarobaini mpaka vumbi likatua. Kabla ya mavuno kumalizika Sayar alileta habari mwenyewe kwamba baba yake amelala usingizi na hakuamka, hakuhangaika hata kidogo.

Lakini jioni ile ya siku ya Teja, watoto walikuwa wamejazana uani kwa Bidami kama kila mwaka, wanangoja churma ya mungu igawiwe. Mama zao walikuwa wamewafinya njiani, walikuwa kimya. Rukma akampakulia Bidami kwanza, samli inaelea, akamtazama anavyotia mdomoni. Huyu mtoto mwenye mdomo wake alitaka kumsaidia, akamwekea tayari neno lake la siku zote, akamuuliza polepole:

"Haina chumvi, Shangazi?"

Bidami alitafuna, akameza. Alikaa na lile neno mdomoni, neno ambalo sasa halikuwa la mtu.

"Tamu," akasema. "Ni tamu. Niongeze."

Rukma akamwongeza, na hakuna mtoto aliyecheka.